Damu ya Perege Kama Kipimo cha Maji: Kazi Iko Kwenye Kuhesabu

Wanaotaka kujua kama dawa za mashamba ya mpunga Mbarali zinaumiza samaki hutuuliza waanze na kipimo gani. Anzeni na kipimo cha viini vidogo, yaani kuhesabu vipande vya kromosomu vilivyojitenga ndani ya chembe za damu; kometi, kipimo cha DNA kwa umeme, isubiri. Kometi huonyesha DNA iliyokatika mapema, ila inadai giza, barafu na umeme usiozimika katikati ya kazi. Tena seli hujikarabati ndani ya saa chache, ukichelewa umekosa. Viini vidogo vinahitaji darubini, methanoli na Giemsa, rangi ileile ya kupimia malaria.

Chembe nyekundu za damu ya samaki, tofauti na zetu, zina kiini, sehemu inayobeba kromosomu. Kromosomu iliyovunjika ikikutwa na mgawanyiko wa seli, kipande huachwa nyuma na kuwa kiini kidogo pembeni.

Toa damu kwenye mshipa wa mkia, kwa sindano iliyopitishwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, samaki akiwa hai. Aliyekufa ndooni usimtumie, seli zake zimeanza kuharibika. Paka damu nyembamba kwenye kioo, ikauke, tumbukiza kwenye methanoli dakika 10, kisha Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 20. Methanoli iliyonyonya unyevu huacha matundu ndani ya chembe, kwa hiyo chupa ifungwe. Giemsa ichanganywe siku hiyohiyo na ichujwe.

Wengi huharibu kwenye kuhesabu. Tumia lenzi ya mafuta, hesabu chembe 2,000 kwa kila samaki. Kiini kidogo kiwe chini ya theluthi ya kiini kikuu, kimeachana nacho, na rangi yao ifanane. Ukiwa na shaka zungusha skrubu ya kulenga taratibu: punje ya rangi itametameta, kiini hakimetameti. Vioo vipewe namba za siri na mtu mwingine. Anayejua kioo hiki kimetoka kwa samaki wa chini ya mashamba, maji yanakoelekea, ataona viini visivyokuwepo. Hapo hatukubali mzaha.

Samaki wa juu na wa chini ya mashamba wavuliwe wiki moja, wakiwa wa ukubwa mmoja. Usilinganishe wa Julai na wa Novemba: baridi hupunguza kasi ya seli kugawanyika, na bila mgawanyiko viini vidogo havitokei hata sumu ikiwepo.

Viini vikizidi upande wa chini, bado hujajua ni sumu gani. Chukua maji na tope la palepale, peleka maabara ya kemia.