Mzee anokoroma na kukata pumzi usingizini

Dada umeuliza kama huku kukoroma na kukata pumzi usingizini kunatibika kwa bi mkubwa aloanza kusahau. Kunatibika, hata kama keshaanza kusahau. Tiba ni ile mashine ya CPAP inosukuma hewa kwa barakoa, utafiti wa San Diego Marekani wa 2008 wagonjwa wa Alzheimer (ule ugonjwa wa ubongo unoleta usahaulifu) waliitumia wiki 3 tu na akili ikapata nafuu kidogo, ila usahaulifu wenyewe hauondoki. Kazi ni kuizoea, mie baba nilikuwa namvisha mchana hewa ikipuliza polepole huku anasikiliza redio mpaka akaacha kuing'oa usiku. Na tafadhalini msimpe valiamu, ile dawa ya kutuliza, ili alale, inalegeza koo pumzi ikazidi kukata, kama keshaandikiwa muoneni daktari kwanza msiikate ghafla.