Oili inavuja kwenye sproketi ya mbele

Kaka, kama hiyo pikipiki yako ya zamani, Honda CG125, bado inadondosha oili nyuma ya sproketi ya mbele (gia ndogo inayovuta cheni) hata baada ya kubadilishiwa sili (mpira wa duara unaozuia oili isitoke), usikimbilie sokoni Mwanjelwa kununua nyingine. Anza na mpira wa kupumulia wa injini: tope la Tukuyu likiuziba, presha husukuma oili itokee kwenye sili. Kisha toa sproketi, tikisa shafti iliyoibeba juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha, mara nyingi kwa cheni iliyokazwa mno, na sili mpya haitadumu. Shafti ikiwa na mfereji unaonasa ukucha, isogeze sili kidogo mdomo wake usikae palepale, na uupake oili kabla ya kuingiza. Kupaka silikoni kwa nje ni kupoteza hela tu.