Namba ya uthibitisho haihitajiki ili upokee fedha

Shikamoo Mama Mshauri. Mimi ni fundi cherehani wa Tanga. Niliweka tangazo mtandaoni la kuuza cherehani yangu ya zamani, na mtu mmoja akanipigia akisema amekwisha kunilipa kwa kadi akiwa nje ya nchi, ila ni lazima nifungue kiungo alichonitumia ili fedha ziingie. Nilijaza namba ya kadi yangu ya benki, tarehe yake ya mwisho, zile namba tatu za nyuma, kisha nikaandika na namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu. Badala ya kuingia, fedha zilitoka shilingi 410,000. Kosa langu lilikuwa wapi, na je, niache kabisa kununua vifaa vyangu mtandaoni?

Marahaba mwanangu, na pole sana, kwa maana ninajua shilingi hizo ni magauni mangapi. Kosa lilikuwa pale ulipokubali kwamba kupokea na kulipa ni jambo moja. Anayetaka kukulipa anahitaji kujua fedha ziende wapi tu, yaani namba yako ya simu au namba ya akaunti pamoja na jina lako. Zile namba tatu za nyuma ya kadi, namba ya siri, na namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe zimewekwa kwa kazi moja tu, nayo ni kuiambia benki kwamba mwenye fedha ameridhia zitoke. Kwa hiyo mtu yeyote akikuomba mojawapo ya hizo kwa kisingizio cha kukuingizia fedha, awe mnunuzi, awe anayejitambulisha kuwa ofisa wa benki au wa kampuni ya simu, kata mazungumzo hapo hapo. Na ujumbe unaoleta namba hiyo usome wote kabla hujaitumia, kwa sababu mara nyingi huandikwa ndani yake kiasi kinachotaka kutolewa na jina la anayelipwa. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunakimbilia tarakimu sita na kuyaacha maneno.

Kama hujafanya hivyo, piga simu benki leo hii kadi ifungwe, kisha uende tawini na barua ya kupinga muamala huo, ukiambatanisha picha za mazungumzo yenu na kile kiungo. Sitakuficha kwamba benki inaweza kukujibu kuwa wewe mwenyewe ndiye uliyeandika namba ya uthibitisho, na jibu hilo ni gumu kulipinga. Hata hivyo andika, kwa kuwa fedha ambazo bado hazijamfikia mlaghai huweza kuzuiwa. Ripoti pia polisi upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, kwa sababu huo ni uhalifu unaoguswa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na namba iliyokupigia itume kwenda 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeitenga kwa ajili ya kupokea namba za matapeli.

Kuhusu kuacha kununua mtandaoni, mimi sikushauri hivyo, maana uzi na vifungo ulivyovizoea kwa bei nafuu vitakupita. Nitakushauri uitenge kadi ya kununulia na akaunti yenye akiba yako. Kulipa mtandaoni kwa kadi iliyounganishwa na akiba yote ni kumkabidhi jirani ufunguo wa ghala zima kwa kuwa ameomba kibaba kimoja cha mchele. Huduma kadhaa za fedha kwa simu hutengeneza kadi ya mtandaoni, isiyo na plastiki, ndani ya menyu ile ile unayotumia kutuma fedha. Ukitaka kununua kitu cha shilingi 35,000, weka humo kiasi hicho pamoja na makato yake, ulipe, kisha uiache tupu. Siku namba zake zikiibwa, mwizi atakuta chungu kimeshaoshwa.

Ndugu mhariri, ninasoma chuo Dodoma. Nilijiunga na programu ya kuhariri picha kwa jaribio la bure la siku 7, nikaifuta kwenye simu siku ya nne, lakini bado ninakatwa kila mwezi, tena zaidi ya bei iliyotangazwa kwa dola.

Kuifuta programu kwenye simu hakukatishi makubaliano ya malipo. Uliacha kadi yako kwao, nao wana ruhusa ya kuendelea kuikata mpaka usitishe usajili wenyewe, ama kwenye akaunti yako ya programu hiyo, ama katika duka ulikoipakulia, sehemu inayoorodhesha usajili wako. Sitisha sasa, hifadhi uthibitisho watakaokutumia, na siku nyingine usitishe siku ile ile unayojiunga. Mara nyingi siku zako za bure hubaki pale pale.

Ile ziada hutokana na kubadilisha fedha: mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard, una kiwango chake cha ubadilishaji, na benki yako huweza kuongeza asilimia yake juu ya hapo. Yapo pia maduka ya nje yanayokuuliza kama ungependa kulipa kwa shilingi badala ya dola, na inaonekana kama hisani, ilhali kiwango wanachotumia mara nyingi ni kibaya kuliko kile cha benki. Linganisha kwanza, na ukikosa muda wa kulinganisha, chagua fedha ya muuzaji. Ila muuzaji akiwa wa hapa hapa Tanzania na akakudai dola, una haki ya kukataa, kwani kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani kupangiwa bei au kulipwa kwa fedha za kigeni.

Niko Mwanza, huagiza vipuri vya pikipiki Kariakoo. Muuzaji hutaka nimtumie kwenye namba yake binafsi, tena niweke na ya kutolea. Je, ni sawa?

Mwombe lipa namba, yaani namba ya kupokelea malipo iliyosajiliwa kwa jina la biashara yake. Jina la biashara litatokea kabla hujaweka namba ya siri, utabaki na kumbukumbu ya kwamba umelipia bidhaa na si kwamba umemsaidia rafiki, na wewe huna sababu ya kuongeza ya kutolea, ambayo kwa mtu anayeagiza kila wiki ni fedha nyingi kwa mwaka. Zaidi ya hayo, ukizoea lipa namba moja unayoijua, ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" hautakupata. Ujumbe huo hutumwa kwa watu wengi bila kuwajua, na humnasa yule ambaye saa hiyo kweli anadaiwa na mtu. Ukiupata siku ambayo una oda Kariakoo, mpigie muuzaji kwa namba yake uliyoihifadhi tangu zamani, usikie sauti yake, ndipo ulipe.