Barua kwa Nekesa: mbona unasoma na haikai

Nekesa mama,

Meseji yako nimeisoma nikiwa ndani ya gari huku Donholm nikingojea mwanafunzi amalize chai. Unasema zile noti za ushuru umezisoma mara nne, hadi unajua ukurasa gani una hailaita ya manjano na gani una ya pinki, halafu umeingia kwa pepa ya CPA, ile mitihani ya uhasibu, ukapata kichwa ni kama kimefagiliwa, na sasa unaniuliza kama akili yako iko na shida. Halafu hapo mwisho ukaongeza ya shangazi yako, ati mbona yeye hasomi kitu na bado ana uhakika na kila kitu. Najua hiyo uliiweka ya kucheka, lakini mimi naona ni swali moja umeliuliza mara mbili.

Wacha nianze na kazi yangu ya kufundisha udereva juu ndio naijua. Unajua ile meza ya model town, ile imechorwa barabara na raundabauti na iko na vigari vya kuchezea. Mmoja anashika kigari anaambiwa toka hapa nipeleke hospitali, wale wengine wamezunguka wanaangalia, na nakwambia wale wa kuangalia wote wanatingisha kichwa, wanajua. Sasa zamu yake ifike. Nampa kigari, namwambia ingia raundabauti utoke kulia, na mtu ameangalia wenzake wiki nzima anabaki na mkono juu, hajui ni leni ya ndani ama ya nje, anaanza kuniangalia usoni aone kama nitakonyeza. Huyo si mjinga hata kidogo, ni vile alikuwa anaona jibu likipita mbele yake kila siku, na akili ikiona kitu ilishawahi kukiona inakuambia hii tunaijua, ilhali kuitambua ukiionyeshwa ni kazi moja na kuitoa kichwani bila kuonyeshwa ni kazi nyingine kabisa, na mtihani hauulizi ile ya kwanza.

Ndio ilikufanyikia na zile noti. Mara ya kwanza ulisumbuka, ya pili ikawa afadhali, ya nne ukawa unateleza tu, na huo utelezi ukadhani ni kuelewa.

Kuna watu walipima hii kitu vizuri sana, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, chuo cha Washington University kule St. Louis Marekani, mwaka 2006. Waliwapa wanafunzi maandishi mafupi. Kundi moja likasoma mara nne. Kundi lingine likasoma mara moja tu, likafunga, halafu likaandika kila kitu linakumbuka, mara tatu, bila kuangalia tena. Baada ya dakika 5 waliosoma mara nne wakashinda, na hapo ndipo watu wengi huachia wakaenda kulala wakiwa na raha. Baada ya wiki moja wale wa mara nne walikuwa wamebaki na kama asilimia 40, wale wa kujiuliza karibu 61. Na kitu ilinifurahisha ni kwamba walipoulizwa mtakumbuka kiasi gani, waliojiamini zaidi ni hao hao wa kusoma mara nne. Kwa hivyo usiniambie ati uliingia ukijua umeiva, hiyo ndio dalili yenyewe.

Sasa shangazi yako. Ile meseji anaiamini, ya dawa ati ya kuponya ugonjwa wa sukari, imemfikia kwa grupu ya familia, ikamfikia kwa grupu ya kanisa, ikamfikia tena kwa chama, na zote zimetoka kwa mtu mmoja huko mwanzo. Yeye anaona mashahidi watatu. Akili haiweki risiti vizuri, inakumbuka maneno inasahau ilisikia wapi, na yale maneno yakirudi yanaingia bila kugonga mlango. Hii pia ilipimwa, 1977 huko huko Marekani, watu walisomewa sentensi mara tatu zikiwa zimeachana wiki mbili mbili, zingine zinarudiwa zingine mpya, na zile za kurudiwa zikaonekana za kweli zaidi kila wakizikuta, hata zile za uongo. Na usijipige kifua ati wewe umesoma, juu mwaka 2015 mwalimu mmoja anaitwa Lisa Fazio na wenzake walionyesha kwamba hata mtu anayejua jibu la kweli anayumbishwa. Waliweka maneno kama sari ni ile sketi fupi ya marinda wanavaa Waskoti, na kurudiarudia peke yake kulifanya iaminike zaidi hata kwa watu ambao wanajua sari ni lile vazi refu la akina mama wa Kihindi.

Wewe mwenyewe ushawahi kuniambia hapo kwa sofa kwamba binadamu anatumia asilimia 10 tu ya ubongo. Uliitoa wapi? Si kweli, picha za ubongo zinaonyesha unafanya kazi wote, hata ukiwa umelala, na hicho kinyama kina kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini kinakula karibu asilimia 20 ya nguvu zake. Mwili gani utalipa kodi kubwa hivyo kwa nyumba haikaliwi.

Na kujua peke yake hakubadilishi mkono. Niko na mwenzangu tumefundisha naye miaka mingi, dereva mzuri, lakini kila mteremko anaweka nyutro ati anaokoa mafuta. Gari za zamani za kabureta labda, lakini hizi za siku hizi za injection ukiachilia mafuta ukiwa kwa gia, kompyuta inakata mafuta kabisa, magurudumu ndio yanazungusha injini. Ukiweka nyutro injini lazima iendelee kuchoma kidogo isizime, na umebaki na breki peke yake zipate moto. Nimemwelezea hiyo, akaelewa, akasema ni kweli, hata akaieleza mwanafunzi mbele yangu. Juzi tukaenda Naivasha, tukaanza kushuka Mai Mahiu, na hapo akiwa katikati ya stori nikaona mkono umeenda kwa gia ukaweka nyutro, na stori haikukatika. Hakuna haja ya kumlaumu, maelezo yangu yaliingia kwa masikio na ile tabia inakaa kwa kiwiko. Sasa nimempa kazi ya mkono yenyewe, akiona tu kibao cha mteremko anateremsha gia hadi tatu, na anasema tatu kwa sauti. Anajisikia mjinga lakini anafanya.

Kwa hivyo funga hizo noti. Chukua karatasi tupu andika kila kitu unakumbuka kuhusu VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, halafu ndio ufungue uone umeacha nini. Fanya pepa za nyuma bila majibu kando. Kesho yake rudia, halafu upumzishe siku kadhaa urudie tena, juu Mjerumani mmoja, Ebbinghaus, alijipima mwenyewe akachapisha 1885 kwamba kusahau kunakimbia sana zile saa za kwanza halafu kunapoa. Itakuuma, utaona kama umerudi nyuma, na utatamani hailaita. Mpe mamako aifiche.

Na shangazi usimjibu kwa grupu mbele ya watu, yeye ni mkubwa wako. Mpigie. Anza na ile ya kweli, kwamba daktari alisema aendelee na vidonge vyake, hiyo ya dawa usiirudie sana mdomoni, na umuulize tu nani aliituma kwanza.

Mimi kati ya saa nne na saa sita asubuhi huwa nangojea wanafunzi, nitumie maswali ya ushuru hapo nikuulize kwa simu. Usinitumie picha za noti, na majibu pia nitumie kando, mimi nikiyaona mapema nitaanza kukusaidia.

Babako