Ngozi na ubongo vyatoka tabaka moja: seli huamuaje?

SWALI: Shikamoo daktari. Nasomea uuguzi, mwaka wa kwanza. Tumefundishwa kwamba ubongo na ngozi hutokana na tabaka moja la seli za kiinitete, lile la nje. Seli hizo hujuaje zipi ziwe ngozi na zipi ziwe ubongo? Na kwa nini mama aanze asidi ya foliki hata kabla hajashika mimba?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wengi hudhani kuwa ngozi ndiyo hali ya kawaida ya tabaka hilo, na kwamba ubongo ndio unaohitaji amri maalumu. Mambo yako karibu kinyume. Seli za tabaka la nje zisipozuiwa huelekea kuwa za neva. Zinazokuwa ngozi ni zile zilizopokea ujumbe wa protini za kundi la BMP. Zipo ishara nyingine zinazosaidia, lakini shika kwanza hilo.

Basi nani huzuia ujumbe huo upande wa mgongo? Mwaka 1924 Hans Spemann na Hilde Mangold, nchini Ujerumani, walichapisha jaribio ambalo hadi leo nikilifundisha hunisisimua. Walikata kipande kidogo cha upande wa mgongo wa kiinitete cha salamanda, wakakipandikiza upande wa tumbo wa kiinitete cha salamanda wa spishi nyingine mwenye rangi tofauti. Pale tumboni ukaota mwili wa pili, wenye mfumo wake wa neva. Rangi ikaonyesha kuwa sehemu kubwa ya neva hizo ilitokana na seli za mwenyeji, yaani kiinitete kilichopokea kipande, zile zile ambazo zingekuwa ngozi ya tumbo. Ilipita karibu miaka 70 ndipo ikajulikana kipande kile kilikuwa kinatoa nini: protini kama nogini na kodini, ambazo huidaka BMP kabla haijazifikia seli.

Kwa binadamu, kazi hiyo huanza wiki ya tatu baada ya yai kurutubishwa. Juu ya notokodi, fimbo laini inayopita katikati ya kiinitete, tabaka la nje hunenepa na kuwa bamba la neva. Kingo zake huinuka, hukutana na kuungana kuwa mrija. Muungano huanza siku ya 22 hivi, usawa wa shingo, kisha huelekea kichwani na mkiani. Tundu la kichwani hufungwa karibu na siku ya 25, la mkiani siku ya 27 au 28. Sehemu ya mbele ya mrija huvimba kuwa ubongo, inayobaki huwa ugwe mgongo, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo. Seli za kwenye kingo hutoka na kuhamia mbali; miongoni mwao ndimo zinamotoka seli zinazoipa ngozi rangi.

Sasa piga hesabu. Siku ya 28 tangu kurutubishwa ni wiki ya 6 ya ujauzito tunaohesabu kliniki kuanzia hedhi ya mwisho. Mama amechelewa hedhi wiki mbili tu, pengine hata hajapima, na mrija umeshafungwa au umeshindwa kufungwa. Usipofungwa kichwani, ubongo haukui na mtoto hawezi kuishi. Usipofungwa chini, huzaliwa na mgongo wazi.

Foleti, vitamini ambayo asidi ya foliki ni aina yake, huhitajika kutengeneza DNA, na seli za mrija hugawanyika kwa kasi kubwa. Utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa na kuchapishwa mwaka 1991 ulihusisha kina mama waliowahi kupata mtoto mwenye tatizo hili: miligramu 4 za asidi ya foliki kwa siku zilipunguza kujirudia kwake kwa asilimia 72. Kwa wanawake wengine kipimo ni mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Kipimo kikubwa huandikwa na daktari.

Usimsahau mwanamke mwenye kifafa anayetumia valproeti, kwani dawa hiyo huongeza hatari ya mgongo wazi. Mwelekeze kwa daktari wake mapema, akiwa bado anapanga kuzaa, na umsisitize asiiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.