Maswali ya Wasomaji: Kwa nini bahari ya Kipini ni ya rangi ya udongo?

SWALI: Mhariri, nilikwenda Kipini kumjulia hali shangazi yangu nikaona bahari imechafuka rangi ya udongo, si kama ya kwetu Diani. Wazee wa hapo waliniambia kwamba zamani Mto Tana haukumwagikia pale. Je, ni kweli? – Msomaji, Kwale.

JIBU: Wazee wamekueleza sawasawa, na mto huo huo ndio unaoyapa maji rangi uliyoiona.

Kipini iko katika Ghuba ya Ungwana, ambayo ramani za zamani huiita Formosa, inayoanzia Ras Ngomeni upande wa kusini hadi Ras Shaka. Tana huteremka takriban kilomita 1,000 kutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare, na msimu wa mvua hushusha udongo wa bara hadi baharini. Matumbawe hayastawi penye tope kwa kuwa yanahitaji mwanga, ndiyo maana hukuuona mwamba kama ule wa Diani.

Zamani Tana ilimwagika kusini-magharibi zaidi, na mlango wa Kipini ulikuwa wa mto mdogo uitwao Ozi. Katika karne ya 19 watawala wa Witu walichimbisha mfereji wa Belezoni kuunganisha mito hiyo miwili, ili vyombo vipitishe mazao bila kuzungukia baharini. Mafuriko yaliupanua mfereji huo mwaka hadi mwaka, hata sehemu kubwa ya maji ya Tana ikahamia Kipini.

Tope hilo ndilo utajiri wa ghuba. Kamba hutaga mayai kwenye maji ya wazi, kisha wadogo wao huingia na maji kujaa katika vijito vya mikoko, wakajificha kwenye mizizi ya mikoko na michu, wembamba kama uzi, hata utumbo wao huonekana kupitia ngozi. Wakikua hurudi baharini, na wavuvi wanajua kwamba mvua ikiwa nzuri bara, kamba huwa wengi. Meli zilizokuwa zikikokota nyavu chini ya bahari ziliharibu nyavu za wavuvi wadogo na kuua kasa, hadi uvuvi huo uliposimamishwa mwaka 2006.

Watu waliishi vizuri hapa tangu kale. Karibu na Kipini yapo magofu ya mji wa Ungwana, wenye msikiti wa Ijumaa na makaburi ya mawe, uliochimbuliwa na James Kirkman katika miaka ya 1950. Na mapokeo yanamhesabu Fumo Liyongo kuwa mtu wa pwani hii.

Mwaka 2012 delta ya Tana iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhi oevu, lakini heshima hiyo haitoshi iwapo mto wenyewe unazuiwa huko juu. Mabwawa matano, kuanzia Kindaruma la mwaka 1968 hadi Kiambere la mwaka 1988, yamepunguza mafuriko na kunasa udongo mwingi. Wapokomo wa Ozi hulima mpunga kwa kutegemea maji kujaa yausukume mto juu hadi mashambani; mto ukipungua nguvu, kinachopanda ni chumvi, nayo imekwisha kuharibu mashamba ya mpunga na miembe. Kwa maoni yetu, kila bwawa jipya linapopangwa, wakulima na wavuvi hao wanapaswa kusikilizwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.