Dada wa Sakina, Usizitupe Dawa Bado

Jumatano usiku nilipata ujumbe wa dada mmoja anayeishi mtaa wa Sakina, Arusha. Nauweka hapa kwa ruhusa yake: "Mwalimu, masikio yanalia leo siku ya 9. Nimesoma karatasi ya ndani ya boksi, nimeona ni hizi dawa za sonona. Kesho nazitupa zote chooni." Nilikuwa nimetoka mazoezini, hata chakula sijagusa. Niliacha sahani mezani nikamjibu palepale: usizitupe. Baadaye nikaona jibu la simu halitoshi, kwa sababu mimi niliwahi kuzitupa, na yaliyonipata nayajua.

Wengi mnaonisoma ni walimu wa kwaya na waimbaji. Mnataka ninachokitaka mimi: kwaya irekodi, iimbe bila kinanda kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho na sauti isishuke hata nusu noti. Sikio kwetu ndiyo jembe. Kwa hiyo likianza kulia lenyewe usiku wa manane, mtu wa kazi nyingine anapata usumbufu. Sisi tunaona maisha yamekwisha.

Sonona yenyewe sitaisimulia leo. Iliniingia baada ya msiba wa baba, ikakaa, na mwezi wa tatu mwaka jana nikaandikiwa setralini ya miligramu 50. Wiki ya tano niliamka nikiwa na hamu ya chai. Aliyewahi kuugua ataelewa hamu ya chai ni jambo kubwa kiasi gani. Nalisema hili mapema ili asitokee mtu wa kuchukua makala yangu kuwatishia wenzake. Dawa ilinitoa kitandani. Mwezi wa tano daktari akapandisha dozi ikawa miligramu 100.

Siku ya kumi na mbili baada ya kupandishwa, nikiwa nyumbani Pasua, nilishtuka usingizini kama saa nane. Mvua ya masika ilikuwa imekatika. Nikasikia mlio, nikadhani ni nyenje. Nikafunga dirisha, haukupungua. Nikadhani ni friji. Nikaenda koridoni, nikapapasa ukuta, nikazima swichi kubwa. Nyumba nzima ikawa giza, friji ikatikisika mara moja na kunyamaza, na mlio ukabaki palepale, mwembamba kama waya, sikio la kushoto zaidi kuliko la kulia. Niliketi sakafuni mkono mmoja bado uko kwenye swichi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba unatoka kwangu.

Kesho yake nilifungua kanisa mapema, kabla watu hawajafika, nikautafuta kwenye kinanda. Kinanda chetu kina funguo 61. Nilianzia katikati nikapanda mpaka ufunguo wa mwisho kulia, mlio bado ulikuwa juu yake. Nikapandisha sauti ya kinanda oktava moja, yaani kutoka do hadi do inayofuata juu, nikapiga tena taratibu. Ukakaa kati ya ti na do ya juu kabisa, tukihesabu kwa C, karibu na mitetemo 4,000 kwa sekunde. Nilipiga ile do mara nyingi sana. Kuna faraja ya ajabu kujua jina la kitu kinachokutesa.

Mama yangu, yuko Kibosho, nilipompigia aliuliza swali moja tu: "Umekunywa kwinini?" Wazee wetu wanaujua mlio huu tangu zamani. Waliokunywa kwinini kwa malaria, au kutundikiwa dripu yake, wanakumbuka jinsi masikio yalivyovuma hadi ukiongea nao wanakuona midomo tu. Na mama alikuwa amegusa jambo la kweli kuliko wataalamu wawili niliowaona mwanzoni: dawa inaweza kuliza masikio, na si kwinini peke yake. Aspirini ikizidi sana, jentamaisini, sindano za streptomaisini za kifua kikuu, furosemidi ya kupunguza maji mwilini, zote zimo. Kwa hiyo ukienda kwa daktari taja kila unachokunywa, pamoja na ulichonunua dukani bila cheti na mizizi uliyochemsha.

Wale wataalamu wawili. Wa kwanza alinipa matone ya kulainisha nta bila hata kuchungulia ndani ya sikio. Wa pili alisoma kwenye faili kwamba natumia dawa za sonona, akafunga faili, akasema, "Mwalimu, masikio yako mazima. Hayo ni mawazo." Nimeshayasamehe maneno hayo mara kadhaa na bado yananiuma. Ukishaandikwa sonona kwenye faili, hata ukivunjika mguu kuna mtu atakuambia ni mawazo. Mzee mmoja wa kanisani kwetu naye akasema ni sauti za shetani na kwamba mwalimu wa kwaya hafai kunywa vidonge vya wendawazimu. Alisema mbele ya sauti ya tatu yote.

Hasira hizo mbili ndizo zilizonifanya nizitupe. Nilisoma ile karatasi ya ndani ya boksi, nikaona kulia kwa masikio kumeandikwa kabisa, kwenye kundi la madhara yanayoweza kumpata hadi mtu 1 kati ya 10. Nikasema, kumbe! Mwezi wa saba, bila kumwambia mtu, nikaacha miligramu 100 kwa siku moja.

Siku ya tatu nikigeuza macho tu nahisi umeme unapita kichwani, cha! cha!, kama waya uliochubuka. Ndani ya daladala ya kutoka Kiboriloni nilishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, kizunguzungu kimenijaa na gari limesimama. Usiku ndoto za kutisha. Jumamosi nilimfokea dada mmoja wa sauti ya pili mpaka akalia, mtu ambaye tumeimba naye miaka tisa. Na mlio? Haukuondoka. Ulipanda, ukazidi hata sikio la kulia. Wiki ya tatu sonona ikarudi na mizigo yake yote, na kuna usiku mmoja sitauandika hapa. Kulipokucha mke wangu alinishika mkono tukaenda kwa daktari aliyeniandikia dawa tangu mwanzo.

Hakunigombeza. Alichosema ni kwamba dawa hizi hazikatwi ghafla, zinashushwa hatua kwa hatua, wiki kwa wiki, kwa mwingine miezi, na kwamba huo umeme wa kichwani na kizunguzungu ni mwili unalalamika kunyang'anywa. Masikio nayo yanaweza kulia wakati wa kuanza, wakati wa kupandisha na wakati wa kuacha. Alinirudisha kwenye 50, tukabaki hapo, akaniandikia barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Huko ndiko nilikopimwa usikivu kwa mara ya kwanza maishani. Unaingizwa kwenye kijichumba, unavaa vipokea sauti, ukisikia unabonyeza. Mchoro wangu ulikwenda vizuri kutoka sauti nene, halafu kwenye 4,000 ukatumbukia kama korongo na kupanda tena. Palepale nilipoukuta mlio wangu kwenye kinanda! Daktari akaniuliza kama nafanya kazi kwenye kelele. Nikamwambia nimesimama kando ya spika za kanisa miaka 14, upande wa kushoto. Akatikisa kichwa. Korongo la namna hiyo, akasema, mara nyingi ni kelele. Zile chembe zenye vinyweleo ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena.

Kwa hiyo ni dawa au ni spika? Nilimbana anijibu. Akasema spika huenda ziliandaa kuni na dawa ikawasha kiberiti, na sonona yenyewe, pamoja na kukosa usingizi, hupuliza moto. Alinieleza kwamba mwaka 2017 watafiti wa Oregon, Marekani, walionyesha kwenye ubongo wa panya kuwa serotonini, kemikali ya ubongo ambayo ndiyo dawa hizi huiongeza nguvu, inachangamsha kupita kiasi chembe za kituo cha kwanza kabisa cha kupokea sauti. Kwa binadamu hakuna kipimo cha damu cha kukuambia mlio wako ulitoka wapi. Nilitaka mshtakiwa mmoja, nikapewa watatu. Ilinichukua muda kukubali, lakini nilitoka pale nimeheshimiwa.

Sasa ninachokuambia, dada yangu, na wewe mwingine unayesoma kimyakimya.

Chukua daftari uandike tarehe. Tarehe uliyoanza dawa, tarehe dozi ilipopandishwa, tarehe mlio ulipoanza, sikio gani, umelala saa ngapi. Mimi sikuandika, ndiyo maana wale wawili wa mwanzo walinizungusha. Niliporudi na ukurasa wenye tarehe, mazungumzo yalibadilika. Andika tarehe. Kisha upeleke ukurasa huo kwa aliyekuandikia dawa, si kwa muuza duka, si kwa jirani. Yeye anaweza kushusha dozi, kubadilisha dawa, au kukuambia msubiri kidogo muone, maana kwa wengine mlio hupungua wenyewe mwili ukizoea.

Usisubiri foleni ya mwezi ujao kama usikivu umepotea ghafla sikio moja, au mlio unapiga pamoja na moyo, au umekuja na kizunguzungu kinachokuangusha, au uso umelegea upande mmoja. Hayo ni ya siku hiyohiyo. Na mawazo ya kujidhuru pia ni ya siku hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku. Amsha mtu.

Halafu acha kulala kwenye kimya. Mwaka 1953 Wamarekani wawili, Heller na Bergman, waliwaweka watu 80 wenye usikivu mzuri katika chumba kisichopitisha sauti, na asilimia 94 wakasema wamesikia mlio fulani. Kimya kinamlilia kila mtu. Mimi nilikuwa nazima kila kitu ili nione kama umeondoka, na kila nikisikiliza naukuta. Ubongo ulijifunza kwamba hiki ni kitu cha kulindwa usiku na mchana. Weka sauti ndogo chumbani, chini kidogo ya mlio wenyewe, usiufunike kabisa, ili ubongo uuzoee kama unavyozoea saa ya ukutani. Na linda masikio. Mimi sasa nasimama mbali na spika, na mafundi mitambo wetu wamejua kwamba sauti ikizidi nitasimamisha wimbo katikati.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa uchungu. Acheni kuwaficha watu wenu. Kwaya ngapi hapa Moshi na Arusha zina mwimbaji aliyetoweka tukaambiwa "anapumzika"? Mzee anayesimama mbele ya kwaya akaita dawa ya mtu ushetani anampeleka mtu huyo kwenye lile shimo nililochungulia mimi mwezi wa nane. Kisukari tunakiombea na insulini tunachoma. Mbona hili tunalitaka maombi matupu? Mimi naomba kila asubuhi, na kidonge nakimeza kila asubuhi.

Jumapili iliyopita tuliimba wimbo mzima bila kinanda. Nilitoa noti ya kuanzia kwa mdomo, mlio ukiwa unaendelea kichwani kama kawaida yake, na tulipomaliza mpiga kinanda akagusa do kuhakikisha. Tulikuwa juu yake barabara. Mlio ninao hadi sasa ninapoandika. Nimeukumbuka kwa sababu nauandika.

Dada wa Sakina amenijibu leo mchana. Vidonge bado viko kabatini, tarehe ameshaandika, na Jumatatu anarudi kliniki akiwa na dada yake. Ameniomba ile sauti ninayolalia. Ni maji ya mfereji unaopita nyuma ya nyumba ya mama kule Kibosho, niliyarekodi kwa simu dakika 40 nikiwa nimekaa kwenye jiwe. Nimemtumia. Nimemwambia asishtuke kwenye dakika ya 23, kuna sauti ya mama anauliza nani ameyageuza maji na leo si zamu yao.